Mgao wa Vidonge vya Mama

Kazi yangu haielezeki. Niliianza miaka ile maduka ya dawa yalipoota Moshi mjini kila kona, mtu akifunga duka la vitenge leo, kesho anafungua la dawa. Nikaacha ajira ya serikali, nikapanga chumba ghorofani juu ya duka la vipuri, nikabandika mlangoni kibao: Mshauri wa Mambo ya Dawa. Mpaka leo sijapata namna ya kumweleza mtu wa kwetu Kilema maana ya kibao hicho akaelewa.

"Wewe ni daktari?" Hapana, ni mfamasia. "Unauza dawa?" Siuzi. "Unachoma sindano?" Wala. "Sasa unafanya nini?" Nawashauri wanaouza na wanaotibu. Hapo mtu anakuangalia kuanzia viatu mpaka nywele, halafu anakuuliza kwa huruma kabisa, "Na wanakulipa kwa kuongea?"

Na kulipwa kwenyewe ilikuwa vita. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja mwenye duka la dawa karibu na stendi. Alipanga chupa zake zote za dawa za maji dirishani, jua la mchana linazipiga mpaka zinachemka. Nikamwambia mzee wangu, shikamoo, hizo dawa zinaharibika. Akasema anajua. Anajua! Ila mteja asipoona rangi nyekundu dirishani haingii dukani. Nilimwandikia ushauri kurasa tatu, akanishukuru sana, akanipa mkungu wa ndizi, na chupa akaziacha palepale zichemke. Nilishuka na ule mkungu begani, na viatu vyangu vya mjini, nikijiuliza kama baba yangu angekuwa hai angenipiga au angecheka.

Nyumbani Mama alikuwa amekwisha kulitatua suala la kazi yangu kwa njia yake. Alitangaza kanisani kwamba binti yake ni mkubwa wa dawa zote za mlimani. Kwa hiyo kila nilipopanda Kilema sikupumzika. Nakuta watu wamekaa ukumbini, mmoja na mgongo, mwingine na tumbo, mwingine ana ng'ombe anayeharisha. "Mama, mimi sitibu ng'ombe." "Si dawa ni dawa?" anasema Mama, na uji wa watu unaendelea kumiminwa.

Nampenda mama yangu, lakini haki ya Mungu, yule mwanamke alinichosha.

Alikuwa na presha. Aligundulika mwaka ule ule kahawa iliposhuka bei mpaka watu wakaanza kung'oa mibuni kwa siri, na mimi nilisema ni hiyo kahawa iliyompandisha, kwa sababu alinisomesha kwa mibuni ile na kuiona inageuzwa kuni kulimuuma sana. Daktari akampangia dawa, kidonge kimoja kila asubuhi, maisha yake yote. Nikasema basi, hapa angalau taaluma yangu itafaa. Dawa za Mama nilizichagua mimi. Nilikagua kiwanda, nikakagua tarehe, nikakagua boksi, nikampelekea kila mwezi mkononi. Nilimweka mke wa mdogo wangu wa mwisho, wifi yangu, ambaye ndiye anayeishi naye pale kihambani, kwenye shamba la nyumbani, awe anamkumbusha.

Presha haikushuka. Mwezi wa kwanza haikushuka, nikasema mwili bado unazoea. Mwezi uliofuata haikushuka, nikapiga marufuku chumvi nyumba nzima, mpaka mdogo wangu akawa anakula kwa majirani. Nikapiga marufuku na mbege, pombe yetu ya ndizi. Presha ikakaa palepale juu. Daktari akataka kuongeza dawa nyingine. Nilianza kuogopa, na mimi nikiogopa nagomba, kwa hiyo nilimgombeza Mama kila Jumapili kwa jambo ambalo sikulijua.

Sasa, wakati huohuo, ndipo nikapata kazi ya maana kwa mara ya kwanza. Zahanati kadhaa za mlimani, zilizokuwa chini ya kamati moja, zilinialika nichunguze jambo lililowashinda. Wagonjwa wao wa presha wanakuja kila mwezi, wanachukua dawa, wanaondoka. Na hawaponi. Yaani presha zao hazishuki, na wengine wanapooza wakiwa na dawa ndani ya nyumba. Kamati ilitaka kujua: dawa ni feki? Zinaharibika stoo? Wauguzi wanaiba?

Nililishika lile jambo kwa mikono miwili. Nilizunguka mlima mzima kwa gari la kuazima ambalo lilikuwa linazima kila penye mwinuko, na niambie mlimani kwetu wapi hapana mwinuko. Nikakagua stoo, makabati, paa linalovuja, panya. Nikapeleka vidonge maabara. Majibu yakarudi: dawa ni nzima. Stoo ni nzuri. Wauguzi walikuwa wachovu na wakali, lakini si wezi. Nilikaa ofisini kwangu juu ya duka la vipuri, nyundo zinagonga chini, nikaona ajira yangu mpya inaniponyoka. Mshauri asiye na jibu ni mtu tu mwenye kibao mlangoni.

Jumapili moja nilikuwa natoka mji mdogo wa Mkuu, nilikolala kwa ajili ya kazi hiyo, nikaamua kupitia nyumbani bila kutoa taarifa. Misa ya kwanza ilikuwa imetoka. Nikaacha gari juu barabarani, nikashuka kwa miguu katikati ya migomba.

Nikamkuta Mama uani, amekaa kwenye kigoda, sinia mapajani. Mkononi ana kisu kidogo cha kumenyea ndizi. Mbele yake wamekaa wanawake watatu wa siku zote: mama mkubwa, yaani mke wa kaka yake marehemu baba, shangazi, dada yake baba, na jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji. Wifi yangu amesimama na birika la chai. Kwenye sinia kuna vidonge.

Vidonge vyangu. Vya presha. Vile nilivyovikagua kiwanda na tarehe.

Naomba nieleze kitu kwa asiyetoka kwetu. Kwetu mbuzi akichinjwa, hakuna mtu anayejikatia. Kidari kina mwenyewe, mgongo una mwenyewe, shingo ina mwenyewe, na mama mwenye nyumba ndiye anayehakikisha hakuna aliyerukwa. Ukimruka mtu, ugomvi unadumu hata mbuzi mwenyewe akisahaulika. Mtu anayefungia nyama ndani akala peke yake, kwetu hatumwiti mchoyo. Tunamwita jina baya zaidi.

Mama alikuwa anagawa. "Hiki kizima ni cha mama mkubwa, yeye ndiye mkubwa wetu." Kikaenda. "Wewe shangazi wa watoto, nusu na robo, maana juzi ulizidiwa." Kisu, tak, kwenye sinia. "Wewe jirani, nusu. Na mimi nusu." Na ule unga uliobaki kwenye sinia akaukusanya kwa kidole, akampa wifi yangu aulambe, kwa sababu wifi alikuwa na ujauzito na ni vibaya kumnyima mjamzito kitu anachokiona.

Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika parokiani.

"Mama! Unafanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo. "Karibu, mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Wifi yako, mletee kigoda."

"Mama, hizo ni dawa!"

"Najua ni dawa. Kwani tunakula kama karanga?"

"Ni dawa zako! Za ugonjwa wako! Huyu umempima? Huyu umempima?" Nilikuwa namnyooshea kidole mama mkubwa, mtu ambaye hata shikamoo nilikuwa sijampa, na nililijua hilo huku kidole kikiwa hewani. Nikakishusha. "Shikamoo, mama mkubwa. Shikamoo, shangazi. Shikamoo, mama." Wakaitikia marahaba mmoja mmoja, taratibu, wakinifundisha adabu kwa sauti zao, na mimi nimesimama na hasira zangu. Hebu fikiria kugomba katikati ya salamu.

Mama akaweka kisu chini. "Sasa nisikilize. Wenzangu hawa wote vichwa vinawauma. Wote wanaona kizunguzungu. Hawana mtoto mkubwa wa dawa. Wewe unaniletea boksi zima, wanaliona linapita hapo njiani. Ulitaka niliweke kabatini, nimeze peke yangu, wenzangu wananitazama? Mimi mchawi?"

Ndilo hilo jina baya zaidi. Nilikosa la kusema. Mimi, niliyelipwa kwa kuongea.

Nilichosema baadaye nilikisema kwa sauti kubwa mno, na kwa muda mrefu mno. Nikawaeleza moyo, mishipa, damu. Nikasema nusu ya kidonge haimsaidii mwenye ugonjwa, na inaweza kumwangusha asiye nao. Shangazi akasema kumbe ndiyo maana kila Jumapili jioni anaona giza akisimama, akacheka, wakacheka wote. Nikawaambia Mama atakufa. Wakaacha kucheka. Mama akasema, "Basi mwanangu, nimesikia. Nimeacha." Akanipa mtori, supu yetu nzito ya ndizi. Nikaula, na machozi yangu humohumo, kwa sababu nilimwamini.

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye zahanati, safari hii sikuingia stoo. Niliingia majumbani. Na kila nyumba niliyoingia, jamani, nikakuta ni sinia lilelile. Mmoja anagawia wake wenza, mwingine anagawia kaka zake kwenye mbege, babu mmoja amemtumia nusu ya dozi mdogo wake aliyeko Arusha, ameifunga vizuri kwenye karatasi, kwa sababu yule mdogo ndiye mwenye haki ya mgongo wa mbuzi na asingeweza kumruka.

Nikaandika taarifa. Nikaisoma mbele ya kamati. Mwenyekiti wao, mtu mzima mwenye suti, akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Dada, sisi tulikuomba utaalamu. Wewe umetuletea habari za nyumbani kwenu."

"Ni za nyumbani kwetu sote, mzee. Na kwako pia, nenda ukaangalie."

Nikajua nimekwisha. Lakini siku chache baadaye akanipigia simu ofisini. Sauti ilikuwa ndogo. Alikuwa amekwenda kwa mama yake mzazi, amekuta sinia. Taarifa yangu ikapita. Ushauri wenyewe ulikuwa mwepesi tu: msimpime mgonjwa peke yake, pimeni na wale anaokula nao, kila mwenye ugonjwa apate dawa yake. Ikapita, ikasambaa, watu wa Dar wakaniita nikawaeleze. Wakanipa kipaza sauti na chupa ya maji. Nilisimama mbele ya wakubwa wa afya nikasimulia sinia la Mama, ukumbi ukacheka na kupiga makofi. Hapo ndipo jina langu lilipotoka. Kazi zote nilizopata baadaye zilianzia kwenye lile sinia.

Nilikuwa bado Dar, nakunywa chai na wale wakubwa, nilipoitwa kwenye simu ya mapokezi. Mdogo wangu alikuwa analia. Mama ameanguka asubuhi akikata majani ya ng'ombe. Mkono wa kulia umekufa, mguu wa kulia unaburuta, mdomo umekwenda upande.

Nilisafiri mchana kutwa bila kufumba jicho. Wifi yangu nilimkuta kwenye korido ya wodi, mtoto mgongoni, na hakusubiri nimuulize. "Dada, nilikuwa nampa kila asubuhi kama ulivyosema. Ananiona, anakitia mdomoni, anakunywa maji. Nikigeuka anakitoa, anakikata, anaenda nacho kwa mama mkubwa." Akaanza kulia. "Alisema nikikuambia utakuja kuwagombeza tena mbele ya watu."

Niliingia wodini, Mama akanitazama kwa jicho moja lililo wazi sana na jingine lililolala, akajaribu kusema kitu, kikatoka upepo tu. Nilikasirika. Watu husema waliingiwa na huzuni. Mimi huzuni ilinijia baadaye. Pale kitandani nilikuwa na hasira tu, hasira ya kutaka kumtikisa. Mlima mzima umenisikiliza. Dar imenipigia makofi. Wewe mama yangu, mtu mmoja, umeshindwa nini?

Alipotoka hospitali nilifunga ofisi, nikahamia Kilema kwa muda. Nilikuwa nimenunua Nairobi mashine ya kupimia presha ya betri, ile inayojaza upepo yenyewe na kuonyesha namba kwenye kioo kila mtu azione. Nikawaita wale watatu, nikawapima mmoja mmoja uani. Mama mkubwa alikuwa na presha kubwa kuliko ya Mama. Jirani wa ng'ambo ya mfereji alikuwa nayo pia. Nikawapeleka zahanati wote wawili kwa mkono wangu, wakapata dawa zao, za majina yao. Shangazi hakuwa na kitu, damu yake safi kama ya msichana.

Akanuna. "Kwa hiyo mimi nimenyimwa."

"Shangazi, huna ugonjwa! Furahi!"

"Nimefurahi. Lakini wenzangu wamepata."

Alinuna wiki nzima, haji, haitiki tukimwita. Mwishowe nikampa vidonge vya vitamini, vile vyekundu, nikamwambia kimoja kila asubuhi na asikose. Mtaalamu mzima, msemaji wa Dar! Akarudi siku ileile na kigoda chake.

Basi asubuhi moja tukakaa tena uani, wote, Mama kwenye kiti cha mito, wifi na birika lake. Nikasema leo tunamaliza. Nikawaambia waonyeshe. Mama mkubwa akafungua fundo la khanga, akatoa kidonge chake. Jirani akatoa chake. Shangazi akatoa chake chekundu, akakiinua juu kuliko wote. "Umeona, Mama? Kila mtu ana chake. Hakuna wa kugawiwa. Sasa meza."

Nikamwekea kidonge kwenye kiganja cha kushoto, kile kizima. Akawatazama wenzake, mmoja, mmoja, mmoja. Akakitia kinywani. Akakiuma kwa meno yaliyobaki, tak, kikakatika. Akatoa nusu, imelowa mate, akanyoosha kiganja. Kwangu.

"Ala! Mama!"

Mkono haukushuka. Nikamwambia mimi siumwi. Nikamwambia meza, tafadhali. Nikapandisha sauti, nikasema maneno yote niliyokwisha kusema na mengine mapya. Akafumba mdomo, nusu yake iko ndani hajaimeza, nusu yangu iko nje kiganjani, na lile jicho lake zima linanitazama, na mimi nafoka, nafoka mpaka nikakohoa.

"Mpimeni na yeye basi," akasema mama mkubwa. "Maana kelele hizi si za mtu mzima wa afya."

Wakacheka. Nikasema haya, nipimeni, ili tumalize ujinga huu. Wifi akanifunga ile mashine mkononi, ikavuma, ikabana, ikaachia. Nilikuwa namwangalia Mama, nikingoja wacheke tena. Hawakucheka. Nikageuka kwenye kioo. Namba zilikuwa juu kuliko za mama mkubwa. Nikasema ni hasira, nikakaa kimya nusu saa, nikapima tena. Kesho yake nikapima tena kabla ya chai. Daktari aliponiona mjini aliniuliza nina miaka mingapi kwenye kazi hii ya dawa, nikamwambia anipe karatasi yangu ya dawa niondoke.

Tangu hapo, kila nilipokuwa Kilema, nilikaa mbele ya kile kiti cha mito na vidonge vyangu mwenyewe. Mama hakumeza mpaka nimeze. Na baada ya kumeza alinyoosha kidole cha kushoto: toa ulimi. Natoa ulimi, mtu na taarifa zangu, na safari zangu za Dar na Dodoma, naukagulisha kama mtoto wa chekechea. Akiridhika, naye anameza. Kizima. Aliishi miaka mingine mingi namna hiyo, hasemi, anakagua ndimi.

Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba yake. Mbuzi alichinjwa na hakuna aliyerukwa, nilisimamia mimi.

Siku hizi nameza asubuhi jikoni kwangu mjini, nimesimama, kabla sijaenda ofisini. Nameza kizima, kama ninavyowashauri watu. Halafu nabaki nimeshika glasi, ulimi nje, nimekasirika, maana hakuna wa kuutazama.